Kuandika tanzia: kasoro ya nguli isikike mdomoni kabla haijaonekana mkononi

Vikundi vyetu vya maigizo, kuanzia Mtwara mjini mpaka Lindi na Nachingwea, vinapenda kumaliza mchezo kwa kifo. Mtu anaanguka, akina mama wanapiga yowe, taa zinazimwa. Halafu watazamaji wanatoka wakicheka na kuulizana nani anauza ming'oko hapo nje. Wanacheka kwa sababu mtu amekufa na hakuna aliyejali. Ajali ya barabarani ni msiba mkubwa, lakini haitoshi kuwa tanzia, yaani mchezo wa anguko la mtu. Tanzia inamhitaji mtu aliyeshika kamba mwenyewe, akaivuta mwenyewe, na akaivuta kwa kitu kile kile tulichokuwa tunamsifia nacho.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya anayeandika mchezo wa saa moja hivi, wa kikundi cha mtaani au cha shule, bila fedha za mapambo. Nitakwenda na mfano mmoja wa kubuni mwanzo hadi mwisho: mchezo wa korosho, katika kijiji kisicho na jina juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Wewe unaweza kuweka chumvi ya Lindi, uvuvi wa Kilwa au ufuta wa Ruangwa. Njia ni ile ile.

Hatua ya kwanza: tafuta sifa, usitafute kosa

Waandishi wengi wanaanza kwa kuuliza, "Huyu atakuwa na ubaya gani?" Wanampa ulevi, au tamaa ya fedha, au wivu. Mlevi wa nipa anayempiga mkewe tunajua ataishia wapi tangu anapoingia akiyumba, na akifika huko tunasema amevuna alichopanda. Hilo ni onyo la kwenye semina. Aristotle, Mgiriki aliyeandika juu ya sanaa hii katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alilisema mapema: mtu mwovu akianguka hatumwonei huruma, na mtu mwema kabisa akiangamia bila sababu tunachukia tu. Aliyebaki ni yule wa katikati, anayeanguka kwa kukosea.

Kwa hiyo anza na sifa. Nguli wetu, yaani mhusika mkuu, tumwite Bakari, mwenyekiti wa chama cha msingi cha wakulima. Hajawahi kula senti ya mtu. Mizani yake haichezi. Kijiji kimemchagua mara mbili kwa sababu akisema kitu hakibadilishi. Sasa ongeza sifa hiyo kidogo kidogo mpaka ianze kunuka: mtu asiyebadilisha neno hata akiwa amekosea, asiyeona tofauti kati ya kuwa mkweli na kuonekana mkweli. Hapo umepata kasoro, na hukuongeza kitu chochote kutoka nje.

Kuna jaribio rahisi. Futa kasoro ya mhusika wako kwenye karatasi, kisha uangalie kama sifa yake imebaki nzima. Ikibaki, kasoro uliibandika tu. Bakari ukimwondolea ukaidi wa neno lake, hana tena cha kuchaguliwa nacho. Shakespeare, mwandishi wa tamthilia wa Uingereza, alifanya hivyo kwa Othello: adui yake Iago mwenyewe anakiri kwamba jemadari huyu ana moyo wa wazi na humwona mwaminifu kila aonekanaye mwaminifu. Uwazi huo ni sehemu ya sifa yake, na ndio mlango alioingilia Iago.

Uchawi nao uutazame vizuri. Kwetu huku si jambo la mzaha na watu watautarajia. Lakini mchawi akiwa ndiye chanzo, Bakari ameshapewa udhuru. Nawashauri wanaoanza wauache kabisa katika mchezo wa kwanza.

Hatua ya pili: haki mbili zigongane

Hapa unahitaji kuijua kazi unayoiandikia kwa undani, maana tanzia hukaa ndani ya utaratibu wa maisha ya watu. Korosho za Mtwara ziliingia kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007/2008. Mkulima anapeleka korosho chama cha msingi, zinapimwa, anapewa stakabadhi, zinakwenda ghala kuu, zinauzwa mnadani, fedha zinakuja baadaye. Mnada ukienda vizuri, bei humzidi mbali mnunuzi wa mlangoni. Tatizo ni hilo neno "baadaye". Fedha huja karibu na mwisho wa mwaka na kuendelea. Lakini salfa, dawa ya kupulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, inatakiwa miezi mingi kabla, na mgonjwa haugui kwa kufuata msimu. Ndipo anapoingia mnunuzi wa kangomba: anakupa fedha leo, kwa bei ya kutupa, na korosho zako anazihesabu kuwa zake zikiwa bado maua.

Bakari anaichukia kangomba, na ana haki. Ameona watu wakivuna gunia baada ya gunia kumlipa mtu aliyewapa fedha ya wiki mbili. Mke wake, Somoe, mwezi wa Mei ana mama mgonjwa na hana pa kushika. Anapokea fedha kwa siri. Na yeye ana haki.

Angalia kwamba hakuna mwovu kati yao. Mnunuzi wa kangomba mwenyewe usimchore kama shetani. Mpe watoto wanaosoma Masasi, na mdomo mtamu. Mtazamaji akigundua nani wa kulaumiwa ndani ya dakika kumi, ataacha kufikiri na kusubiri adhabu tu.

Hatua ya tatu: mpe neno litakalomfunga

Hii ndiyo hatua ninayoiona muhimu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Kasoro ikibaki moyoni haichezeki jukwaani. Lazima itoke mdomoni, mbele ya watu, ikiwa ahadi, kiapo au laana ambayo haiwezi kurudishwa.

Mfano mkubwa tunao hapa hapa kusini. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, mwaka 1969 alitoa tamthilia ya Kinjeketile, juu ya mtu wa Ngarambe na maji yaliyowaunganisha watu dhidi ya Wajerumani mwaka 1905. Kinachomtesa nguli wake ni kwamba alilitoa neno, likawa kubwa kuliko yeye. Anawaomba watu wasubiri, hawasubiri. Na mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa sababu neno lile sasa ni la watu na la watoto wao. Somo kwa mwandishi: mtu na neno lake wakishatengana, una tanzia. Maswali mengine yatajijibu.

Rudi kwa Bakari. Mkutano wa wanachama kabla ya msimu, kelele nyingi, mtu mmoja anapiga kelele nyuma: "Wakubwa wenyewe mnauza usiku!" Bakari anasimama.

BAKARI: Ndugu wanachama, sikilizeni. Atakayekutwa usiku na gunia la kangomba, mimi simjui. Awe jirani yangu, simjui. Awe mwenzangu wa jando, simjui. Awe damu yangu, simjui!

(Makofi. Vigelegele.)

MZEE: Mwenyekiti, damu usiiingize.

BAKARI: (anacheka) Mzee wangu, damu yangu iko nyumbani inakula ugali.

Tazama vitu vitatu. "Simjui" inarudiwa mara nne ili igande masikioni mwa watazamaji, maana utaihitaji baadaye. Onyo la mzee ni la maneno matatu tu. Ukimpa hotuba, utakuwa umewaambia watu mwisho wa mchezo. Na Bakari anacheka. Mtu anayejifunga ni vizuri awe anafurahi.

Makofi hayo yawe ya watazamaji wenu halisi. Watawanye waigizaji wachache kati ya watu waliokaa, wapige makofi wa kwanza, na kijiji kitafuata. Kuanzia hapo kila aliyepiga makofi ana mkono wake katika kitakachotokea.

Hatua ya nne: kila mtu na ulimi wake

Kosa la kawaida ni wahusika wote kuongea kama mwandishi, na wote kueleza hali zao kama wako mbele ya daktari. Hivi ndivyo onyesho la mume na mke huandikwa mara nyingi:

BAKARI: Mke wangu, mimi ni mtu mwenye msimamo na siwezi kuvunja taratibu hata kwa ajili ya familia.

SOMOE: Lakini mume wangu, msimamo wako huo utatuangamiza siku moja!

Hakuna mtu anayeongea hivyo Newala, wala pengine popote. Bakari anajieleza, Somoe anatabiri, na mtazamaji hana kazi ya kufanya. Sasa jaribu hivi:

SOMOE: Baba Hamisi, mama hajalala tangu jana.

BAKARI: (anaandika) Nimelipokea.

SOMOE: Umelipokea nini?

BAKARI: Suala la mama. Msimu ukifunguliwa, tutalipangia.

SOMOE: Mama yangu naye ana msimu?

BAKARI: Kila mtu anasubiri, Mama Hamisi. Nikigusa kasha la chama kwa ajili ya nyumba yangu, kesho nitasimama wapi?

SOMOE: Hapo hapo ulipo. Hujawahi kusogea.

Kasoro haijatajwa na imeonekana yote. Bakari amerudi nyumbani na lugha ya kikao: kupokea, suala, kupangia. Yeye hajui kwamba anaongea hivyo. Somoe anajua. Lugha ya ofisi ni hazina kwa mwandishi wa tanzia wa Tanzania, maana kila kijiji kina mtu aliyepewa cheo kidogo akaanza kusema "kwa mujibu wa" hata akimwita mtoto wake aje kula. Mwanzoni watu watacheka. Waache wacheke. Kicheko hicho hicho ndicho utakachokigeuza.

Gawa ndimi namna hii. Somoe aongee kwa mafumbo, na mafumbo yake yazidi kufupika kadiri siri inavyomkaba, mpaka afike mahali anajibu "Haya" tu. Hamisi, mtoto wao, dereva wa bodaboda, aongee haraka, kwa mzaha, bila kumaliza sentensi. Mnunuzi amwite Somoe "mama yangu" kila sentensi ya pili, na asitamke kabisa neno kangomba. Aseme "mzigo", "kile kitu", "yale mazungumzo yetu". Macbeth wa Shakespeare hufanya hivyo kabla ya kumwua mfalme: akiwa peke yake anaanza kwa kuzunguka "hilo" likitendeka na "hilo" likaisha, kabla hajalitaja lenyewe. Mtu akilikwepa jina la jambo, watazamaji wanajua ukubwa wake. Na Macbeth akishaua, anashindwa kusema "Amina". Anasema neno lilimkwama kooni wakati alipohitaji baraka kuliko siku zote.

Kuhusu Kimakonde, Kimwera au Kiyao: vitumike pale mtu anapopoteza udhibiti wake, au anapotaka mgeni asimwelewe. Kuvinyunyizia kila mahali ili mchezo uonekane wa kusini ni utalii. Kama lugha hiyo huijui, mwombe anayeijua akupe sentensi, usibuni.

Kisha lugha ya nguli mwenyewe lazima ibadilike. Othello anaanza kwa usemi mpana, wa mtu aliyezoea kusikilizwa na watawala wa Venice. Sumu ya Iago inapomwingia, ushairi wake unavunjika, anatoa vipande vya maneno visivyoshikamana na kuzimia. Baadaye kidogo, mbele ya mjumbe aliyetoka Venice, anapaza sauti juu ya mbuzi na nyani, wanyama wale wale ambao Iago alikuwa amewataja mbele yake. Ulimi wa adui umehamia kinywani mwake. Kwa Bakari, panga mabadiliko matatu: lugha ya kikao akiwa kikaoni, kisha lugha ya kikao akiwa nyumbani, na mwisho lugha hiyo imekauka kabisa. Andika pembeni ya mswada, kwa penseli, ni ukurasa gani kila badiliko linatokea. Ukikuta mawili yako ukurasa mmoja, umekimbia.

Methali zitumie kwa hesabu. Ikisemwa na mzee anayefunga mjadala, watazamaji hulala. Ikisemwa na mtu anayejidanganya nayo, huamka. Mpe Bakari "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji", aiseme juu ya mwenyekiti wa kijiji jirani.

Hatua ya tano: mgeuko na utambuzi, kwa pamoja

Hapa mambo yaende haraka. Msimu umefunguliwa, mnunuzi anadai chake. Somoe hana njia ila kumtuma Hamisi usiku na gunia. Mgambo wanatoa taarifa kwamba kuna pikipiki bila taa. Bakari anaamuru ifukuzwe. Watazamaji wanajua nani yuko juu ya pikipiki, Bakari hajui, na kila agizo analotoa linawauma wao kabla yake. Usifiche habari hii ili uwashtue mwishoni. Mshtuko ni wa sekunde moja, hofu inaweza kudumu onyesho zima.

Ajali usiionyeshe. Wagiriki walizoea kuyaacha mauaji nje ya macho na kumleta mtu wa kuyasimulia, na ninyi hamna pikipiki ya kuharibu. Mleteni mgambo mmoja, kijana, anahema. Mwandikieni vitu alivyoviona, msimwandikie hisia:

MGAMBO: Ameshindwa kona ya mteremkoni. Gunia limepasuka. Korosho zimejaa barabarani, mwenyekiti, watoto wameshaanza kuokota.

Kisha analetwa mtu amefunikwa kanga. Mgambo anauliza swali la kawaida la kazi yake, bila kejeli yoyote, maana hakuwepo kwenye ule mkutano:

MGAMBO: Mwenyekiti, unamjua huyu?

Aristotle aliona utambuzi bora ni ule unaokuja pamoja na mgeuko wa hali, kama kwa Oedipus, mfalme katika tanzia ya Kigiriki, anayeamuru muuaji atafutwe na kugundua ni yeye. Swali la mgambo linafanya yote mawili. Bakari ana majibu mawili tu, na yote yanamwua. Akisema "simjui", amemkana mwanawe akiwa amelala chini. Akisema anamjua, ameliua neno lililomfanya awe Bakari. Mwandike asogeze kanga, akae chini, na aseme:

BAKARI: Namjua.

Msiongeze. Najua mwigizaji mkuu ataomba apewe mistari mingine ya kulia, na mama yake atakuwa mstari wa mbele. Mkatalieni.

Somoe anaweza kuwa na usemi mmoja baada ya hapo, na usiwe wa kumlaumu. Labda anamwuliza mgambo kama mama wa kijana mwingine, aliyekuwa amepakiwa nyuma ya pikipiki, ameshaambiwa. Wanawake wabanguaji wa korosho, ambao mmewatumia katikati ya maonyesho kama kundi la waimbaji, wakiwa wamepaka majivu mikononi kwa sababu mafuta ya ganda huunguza ngozi, wasiimbe tena. Ukiwaleta waimbe wimbo wa mafunzo umerudi kwenye semina.

Hatua ya sita: isomeni kwa sauti, kisha mkate

Kaeni, wote, msome mswada bila kuigiza. Mtu mmoja ashike kalamu. Kila panapotokea sentensi inayoeleza kasoro ya Bakari kwa jina lake (kiburi, ukaidi, msimamo), ifutwe. Hata kama ni ya mzee mwenye busara. Kisha msome tena sehemu za Bakari peke yake, mfululizo, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kama sauti ya ukurasa wa mwisho inaweza kuhamishiwa ukurasa wa pili bila mtu kugundua, lugha yake haijasafiri, na lazima mrudi hatua ya nne.

Mwenye kuigiza Bakari awe mtu anayependwa kijijini. Mkimpa kijana mkorofi, watazamaji watafurahi akianguka.

Mambo ya mwisho ni ya utaratibu. Mchezo unaogusa mnada na kangomba pitisheni kwa afisa utamaduni wa wilaya mapema, na mpelekeeni mswada mzima, maana akisikia kipande tu cha mkutano anaweza kudhani mnamsema mtu. Majina ya viongozi wa kweli yasiwemo, hata kwa utani. Na kama mnaweza kuchagua siku, chezeni kabla msimu haujafunguliwa, watu wakiwa bado na nafasi jioni na stakabadhi za mwaka huu hazijaandikwa. Mkichelewa hadi Novemba, nusu ya watazamaji watakuwa foleni ya mizani, na nusu nyingine watadhani mnatangaza malipo.